Darasa la Mtoto Mmoja

Viza niliipata kwa bahati nasibu, ile ambayo watu huijaza kila mwaka kwenye vibanda vya intaneti kisha wakaisahau. Nilikuwa na miaka thelathini na tisa, sijaolewa, mwalimu wa jiografia katika shule ya sekondari ya bweni huko Njombe. Nilipomwambia mama yangu, aliacha kumenya viazi akaniuliza jambo moja tu.

"Huko kuna mtu unayemjua?"

Nikamwambia yupo. Alikuwa muuguzi Mkenya, rafiki wa mchungaji wetu, na nilikuwa nimezungumza naye kwa simu mara mbili tatu. Mama akaitikia kwa kichwa, akaendelea na viazi vyake.

Muuguzi huyo alikuwa mtu mwema. Alinipokea uwanja wa ndege akiwa na koti zito la kunivisha, akanipeleka Fridley, kaskazini mwa Minneapolis, kwenye nyumba yake ya kupanga iliyotazamana na maegesho ya kiwanda. Njiani akanieleza maisha yalivyo.

"My dear, huku ni kazi. Mimi niko na kazi mbili, moja hosi, ingine ya kuangalia wazee Saint Paul. Ukikaa siku kadhaa hujaniona, usi-worry. Niko tu job."

Nilidhani anatia chumvi. Hakutia hata punje. Tuliishi nyumba moja kama walinzi wanaopokezana lindo: mimi nikiingia, yeye keshatoka. Nilijua amerudi kwa kuona viatu vyake vimelowa theluji mlangoni na mlango wa chumba chake umefungwa. Tuliachiana chakula jikoni na ujumbe kwenye simu. Kuna majuma yalipita sijatoa sauti ndani ya nyumba ile isipokuwa kwa kusali, na hata kusali nilianza kusali kimoyomoyo, nisimwamshe.

Mwaka ulikuwa 2016. Vyeti vyangu vya ualimu vilikuwa halali Njombe. Minnesota vilihitaji leseni, na leseni ilihitaji masomo mengine na mitihani mingine. Lakini shule moja ya maeneo yale ilikuwa imeanza kupokea watoto wa wakimbizi kutoka mashariki mwa Kongo, na ilikuwa inatafuta mtu anayejua Kiswahili. Ndivyo nilivyoajiriwa kuwa msaidizi wa darasa.

Juu ya mlango wa shule ile palitundikwa bango kubwa linalosema kwamba hapa watoto wanaandaliwa kwa ajili ya dunia. Niliamini kila neno. Kila mwanafunzi alikabidhiwa kompyuta yake, aliibeba mkononi kama sisi tulivyobeba daftari. Somo lilikuwa kwenye kompyuta, kazi ya nyumbani kwenye kompyuta, matokeo kwenye kompyuta. Mzazi aliyetaka kujua mtoto wake ameshindwa wapi aliona palepale alipo, kazini au jikoni. Mimi niliyezoea wanafunzi sabini na kitabu kimoja kwa watoto watano nilitamani nikalie kwa furaha mahali.

Kilichonishtua ni ukimya. Darasa langu la Njombe lilivuma kama mzinga. Mwalimu wa zamu alipita dirishani kunikumbusha nipunguze kelele. Hapa watoto waliketi kwenye viti vyenye magurudumu madogo, hedifoni masikioni, kila mmoja ndani ya kioo chake. Mwalimu alizunguka polepole kati yao. Siku za kwanza nilinong'ona nikidhani kuna mtihani.

Mtoto niliyeajiriwa kwa ajili yake alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu. Wazazi wake walikimbia kutoka Kongo, yeye akazaliwa kambini, kule Kigoma. Kambini alifika darasa la tano. Huku aliwekwa la saba kwa kufuata umri wake. Alikuwa mwembamba, mwenye macho ya kupima mtu, na alivaa koti lake darasani siku nzima, zipu juu mpaka kidevuni. Nilipomsalimu kwa Kiswahili siku ya kwanza, alinitazama mdomoni kana kwamba sauti ile imetoka mahali pengine.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema.

"Marahaba, mwanangu."

Tangu nitoke nyumbani hakuna aliyekuwa ameniamkia hivyo. Niligeuka dirishani nikajifanya natazama nje.

Kompyuta yake ilikuwa na programu ya kumfundisha Kiingereza. Inatokea picha, sauti ya mwanamke inataja neno, mtoto anachagua jibu. Akipata, sauti inampongeza. Mwalimu wa darasa, kijana mwenye ndevu nyekundu aliyefundisha maarifa ya jamii, alinionyesha mstari wa maendeleo ya yule binti unavyopanda. Alifurahi sana, na mimi nikafurahi naye.

Lakini niligundua kwamba wakati wa chakula binti hanywi kitu. Maziwa yake aliyasukuma kando, maji hakuyagusa. Hewa ya ndani wakati wa baridi ni kavu, midomo ilikuwa imempasuka.

"Mbona hunywi, mwanangu?"

"Sina kiu, Mwalimu."

Haikupita muda, asubuhi moja darasani, nikamwona amebana miguu, ameinamia meza, machozi yanamtiririka bila sauti. Hedifoni ilikuwa bado masikioni mwake. Nilimvua nikachutama karibu yake.

"Unaumwa wapi?"

"Nataka kwenda inje, Mwalimu. Haja."

"Si uende?"

"Mashini haikubali. Nilibonyeza, ikaandika kintu, sikujua ni nini."

Shuleni pale mwanafunzi aliyetaka kutoka, hata kwenda chooni tu, aliomba kibali kwa kompyuta. Unachagua unakokwenda, mwalimu anakubali kwenye kompyuta yake, saa inaanza kuhesabu. Hakuna aliyeinua mkono. Hakuna aliyesema chochote kwa mdomo.

"Na siku nyingine zote ulikuwa unafanyaje?"

"Nangojaka mpaka nyumbani," alisema.

Nilimshika mkono tukatoka, bila kibali chochote. Nilimngoja mlangoni, mgongo wangu ukutani. Nilisikia maji ya bomba yanakimbia kwa muda mrefu. Alipotoka hakunitazama, lakini ule mkono alinipa tena mwenyewe.

Siku ileile nilikaa naye nikitazama anavyoifanya ile programu. Alikuwa hasomi. Alikuwa ameng'amua kwamba ukikosea mara ya kwanza, jibu sahihi huzungushiwa mwanga hafifu. Basi alikosea haraka, akangoja mwanga, akabonyeza. Hakuona kama anadanganya. Alidhani ndio mchezo wenyewe, na yule mwanamke wa ndani alikuwa akimsifu kila mara. Mstari ulikuwa unapanda, na mtoto hakuweza kusema kwa Kiingereza kwamba anataka kwenda chooni.

Nilimweleza mwalimu wake baada ya watoto kuondoka. Uso ulimwiva mpaka ukakaribia rangi ya ndevu. Alikaa juu ya meza ya mwanafunzi.

"Kwa nini hakuniuliza?" alisema.

"Kwa lugha gani?" nilimjibu.

Hakukasirika. Aliniuliza sisi kwetu tungefanyaje. Nikamwambia kwetu kompyuta hazipo, kwa hiyo tungeongea. Akacheka kidogo, kisha akaacha. Kesho yake alitenga saa moja kila siku ambayo binti angeiacha kompyuta na kukaa nami kwenye meza ndogo karibu na dirisha. Na kwa wageni wote wapya alianzisha utaratibu: wiki ya kwanza hakuna kibali cha kompyuta, unamwambia mtu, mtu anakusindikiza.

Saa ile ikawa ndiyo siku yangu. Saa nyingine zote nilizipitia tu kama mtu anayevuka barabara.

Nilimfundisha kwa njia nilizozijua: nilisema, akarudia, tukagombana kwa Kiingereza juu ya bei ya nyanya tusizokuwa nazo. Akichoka, nilimchorea ramani. Ramani ya dunia naichora bila kutazama popote, mkono umeizoea. Siku moja alinitazama nikimaliza ukingo wa Afrika, akauliza, "Kwetu ni wapi hapa?"

Nikamwonyesha Kongo. Akaigusa kwa ncha ya kidole, nchi ambayo hakuwahi kuikanyaga. Kisha akaenda Kigoma, kisha kwa safari ndefu juu ya bahari mpaka kaskazini mwa Marekani.

"Na wewe, Mwalimu, uko wapi?"

Niliweka kidole Njombe. Alikishika kidole changu, akakiinua, akakivusha polepole mpaka kikawa karibu na chake.

"Hapana," alisema. "Sasa."

Baada ya Krismasi yule mwalimu alikuja na wazo. Alitaka darasa lake lizungumze kwa video na darasa la nchi nyingine, watoto waione dunia wanayoandaliwa. Akaniuliza kama shule yangu ya zamani ingekubali. Nilimpigia mwenzangu tuliyefundisha pamoja, ambaye sasa alikuwa mkuu wa shule. Alipiga kelele kwenye simu mpaka nikaiweka mbali na sikio. Tulipanga saa mbili asubuhi ya Minnesota, kule Njombe saa kumi na moja jioni, watoto wakiwa bado hawajaenda kula.

Siku hiyo nilivaa gauni la kitenge chini ya sweta. Kioo kikubwa cha darasa kikawaka, kikatetemeka, kisha nikaliona darasa langu. Ubao uleule, ukuta uleule uliopakwa rangi ya samawati mpaka usawa wa kiuno. Walikuwa wamebanana mbele ya kompyuta moja, wamevaa masweta ya kijani. Mkuu wa shule akasema neno, na wote wakasimama kwa mkupuo.

"Shikamoo, Mwalimu!"

Watoto wa huku walishtuka, wengine wakacheka. Mimi nilijibu, lakini sauti yangu haikufika popote.

Maswali ya huku yalikuwa yameandaliwa: mnakula nini, mnacheza nini, mna simu? Wa kule walijibu kwa Kiingereza cha shule, kilichonyooka kama kamba. Kisha ikawa zamu yao. Msichana mmoja wa kidato cha tatu alisogea mbele.

"Mwalimu wetu mkuu ametuambia kila mmoja wenu ana kompyuta," alisema. "Tunapenda kujua, mnapanga kuifanyia nini?"

Watoto walitazamana. Mmoja akasema michezo. Mwingine, mtoto mkweli, akasema hajui, hakuna aliyewahi kumuuliza. Yule msichana wa Njombe akamshukuru kwa adabu na kuiandika ile "sijui" kwenye karatasi yake. Niliwahurumia wote wawili, kwa sababu mbili tofauti.

Ndipo mkuu wa shule akajipenyeza mbele ya kamera, akabadili lugha. "Haya, dada, tuambie. Huko wewe unafundisha somo gani? Jiografia?"

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote nyumbani cheo changu. Sikudanganya; hawakuuliza, wala mimi sikusema. Nyuso zote za masweta ya kijani zilikuwa zinaningoja. Kando yangu alikaa binti yangu wa darasa la saba, mtu pekee chumbani aliyeelewa swali.

"Nafundisha mtoto mmoja," nilisema.

Kule wakaangua kicheko. "Mmoja!" mkuu wa shule alipaza sauti. "Sisi tuna sabini na wanne humu, yeye ana mmoja! Kweli hiyo ni Marekani!" Alicheka kwa upendo, nilijua. Lakini kicheko kilinigusa mahali pabaya.

Mwalimu wa ndevu nyekundu akanigeukia, tayari kufurahi pamoja nao. "Wamesema nini?"

Nilifungua mdomo, Kiingereza chote kikaniruka. Nilisimama pale na kitenge changu kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake. Nikasikia kiti kinasukumwa. Yule binti alikuwa amesimama. Alishusha zipu ya koti lake kidogo, kama mtu anayeipatia sauti nafasi, akasema kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, mbele ya darasa lililokuwa halijawahi kumsikia:

"Wameuliza anafundisha nani. Amesema, mimi."

Picha ikaganda muda mfupi baadaye. Umeme ulikuwa umekatika Njombe. Tulimaliza kipindi kwa kuagana na kioo cheusi.

Baada ya siku ile mambo yalikwenda kasi. Watoto wawili wakamwita yule binti akae nao wakati wa chakula. Mmoja alimfundisha kutengeneza katuni zinazotembea kwenye kompyuta, si kwa kubonyeza majibu bali kwa kuiamrisha mashine hatua kwa hatua. Alikuwa na kipaji hicho. Alinionyesha kuku aliyemchora, anavuka barabara na kurudi. "Nimemwambia arudi," alisema, "kwa sababu amesahau vifaranga." Alilisema hilo kwa Kiswahili. Nalikumbuka kwa kuwa ni kati ya mambo ya mwisho aliyonieleza kwa Kiswahili kwa hiari yake.

Ilipofika majira ya kuchipua meza ya dirishani haikuhitajika tena. Mwalimu aliniita kunipa habari hiyo kama mtu anayetoa zawadi: binti sasa angeweza kubaki na wenzake saa zote. Nilimpongeza, na nilimaanisha. Nilikuwa nimeajiriwa ili siku moja asinihitaji, na kazi ilikuwa imefanyika. Nikahamishiwa darasa jingine, kusimamia watoto wakifanya mazoezi ya hesabu. Tulikutana koridoni, yeye katikati ya wenzake, koti halipo tena.

"Hi, Miss," alisema akipita.

Niliitikia. Jioni ile nilirudi Fridley nikakuta viatu mlangoni na mlango umefungwa. Nilipasha ugali nikala nimesimama.

Kabla shule haijafungwa mama yake alikuja kuniaga. Baba alikuwa amepata kazi kwenye kiwanda karibu na mto, huko Savage, kusini kabisa, na familia ilikuwa inahama. Tulikaa kwenye benchi nje ya maegesho. Alikuwa mwanamke wa umri wangu, kitambaa kichwani, mikono imekauka kwa dawa za usafi.

"Aksanti, Mwalimu," alisema. "Mutoto alikuwa kama bubu. Sasa anatufunza siye. Simu, benki, daktari, ni yeye. Lakini nikimusemesha kwa Swahili, anasikia yote, ananijibu Kiingereza. Namuuliza, mwanangu, umekula? Ananijibu. Najua amejibu. Sijue amejibu nini." Alinipiga kofi dogo gotini, akacheka ili nisione machozi. "Mulimufunza vizuri sana."

Shule haikuwa imekosea, wala mtoto. Alihitaji kile Kiingereza kama alivyohitaji maji. Lakini wakati wote ule, mimi na mwalimu wake na bango la mlangoni, hatukujiuliza kitakaa wapi kile alichokuja nacho. Leo ningeomba ile saa ya dirishani ibaki, hata nusu saa, aandike kwa Kiswahili habari za kuku wake. Wakati ule sikujua kama msaidizi wa darasa anaweza kuomba jambo kama hilo.

Mama yake alinialika Savage, nami nikaenda Jumapili moja ya vuli, kwa mabasi mawili, kisha mume wake akanifuata kituoni. Mama alikuwa amepika sombe, kisamvu cha kwao, na samaki wakavu, nyumba yote inanukia. Binti alishuka ngazi, amerefuka, akanikumbatia. Kwa Kiingereza aliniuliza habari za shule, nami nikamjibu kwa Kiswahili, na hivyo ndivyo tulivyozungumza, kila mtu ng'ambo yake, tukielewana vizuri kabisa.

"Eleza Mwalimu unajifunza nini sasa ku masomo," mama yake alimwambia.

Macho yakamng'aa. Akaeleza kwa kirefu. Walikuwa wameunda kigari kidogo, yeye ndiye aliyeandika maagizo yanayokiendesha. Kigari kikikaribia ukuta kinausikia na kukata kona chenyewe. Alionyesha kwa mikono jinsi kinavyogeuka. Mama alifuata ile mikono kwa macho, kijiko cha mbao kimesimama hewani, anatabasamu kila binti anapotabasamu. Binti alipomaliza akapanda ngazi, simu yake ilikuwa inaita.

Mama akanigeukia. "Amesema nini?"

Nikamweleza yote, kigari, ukuta, maagizo. Alinirudisha nyuma mara kwa mara, akataka kujua kigari kinausikiaje ukuta bila masikio. Nilijitahidi. Tulipofika mwisho aliguna kwa fahari, akajifuta uso na ncha ya kitenge.

"Mwanangu huyo," alisema.

Tulikaa mezani mchana kutwa, sisi wawili, tukila polepole na kuongea Kiswahili, chake cha Fizi, kule Kongo, na changu cha Njombe, mpaka mume wake akaja na funguo za gari akasema barabara zitaanza kuteleza kwa barafu.